Maisha ya Gosse Hylkema, Mlinda Daraja wa Aldesyl, na Saa Aliyokufa

Majirani wa Aldesyl, jamaa wa ukoo wa Hylkema, wafanyakazi wenzake wa zamani wa madarajani, na ninyi wageni mliokuja kwa treni kutoka Utrecht kwa ajili ya binti yake zaidi kuliko kwa ajili yake mwenyewe, familia ya marehemu inawaomba mketi kidogo kabla wabebaji hawajaingia, msikie alikozaliwa, alikosoma, kazi aliyoifanya na jinsi alivyotutoka. Anayesoma ni Nynke, mtoto wake wa pekee, na humu amejiandika kwa jina lake kama vile anamsema mtu mwingine, kwa sababu jana mezani alijaribu mara tatu kuandika "mimi" na mara zote tatu aliona haya akakunja karatasi. Tangazo la kifo mlilisoma gazetini siku ya Jumamosi, na mle ndani mna uongo, na aliyeuandika ni yeye. Utasahihishwa leo hapa hapa, jeneza likiwapo, maana baba huyu hakuwahi kusema uongo hata wa kumfurahisha mgeni, na si haki azikwe na wa mwanawe.

Marehemu Gosse Hylkema alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1943, hapa Aldesyl, katika nyumba ya matofali iliyo kando ya mfereji mkubwa, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa mzee Hylke Hylkema, aliyekuwa akikamua ng'ombe wa watu, na mama Sjoukje, aliyekuwa akifua nguo za watu hao hao. Zilikuwa siku za vita, chakula kilikuwa cha kupimiana, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa, aliwatazama tu waliokuwa chumbani mmoja baada ya mwingine, mpaka mkunga akampiga kofi mara mbili, ndipo akatoa mlio mmoja, wa adabu tu, akanyamaza.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji hiki kuanzia mwaka 1949 hadi 1955, kisha shule ya ufundi mjini Sneek hadi mwaka 1958, akahitimu useremala wa boti, na ripoti yake ya mwisho ipo mpaka leo kwenye kabati la sebuleni, mwalimu ameandika kwa wino wa buluu, "Kazi ya Hylkema haina kosa, ila haimaliziki." Alifanya kazi miaka minane katika karakana ya boti ya hapa hapa kijijini, na tarehe 1 Aprili 1966, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, akaajiriwa kuwa mlinda daraja, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na miwili bila kuomba uhamisho, bila kupandishwa cheo na bila kulalamika kuhusu lolote kati ya hayo.

Vijana hawakuliona daraja lile likizungushwa kwa mkono, kwa hiyo waelezwe kwa kifupi kwamba boti ikija alishusha vizuizi vya barabara, akazungusha mpini mpaka daraja likainuka, boti ikapita, akazungusha tena mpaka likalala, na baada ya hapo, badala ya kuinua vizuizi magari yaende zao, alisimama ameweka kiganja juu ya reli ya daraja, ametazama maji, akisubiri. Alisubiri kama sekunde arobaini, wakati mwingine dakika nzima, kiangazi kwa masika, na foleni nyuma ya kizuizi ikimporomoshea kila neno. Dereva wa lori la maziwa alikuwa akitoa kichwa dirishani na kupiga kelele, "We Gosse, maziwa yangu yatakuwa jibini hapa hapa!" naye anamjibu bila kugeuka, "Usihofu, visu ninavyo, tutalila wote," na watu wanacheka, hasira inapungua, kisha vizuizi vinainuka.

Mwaka 1987 mtu mmoja alimwandikia barua mkuu wa madaraja, ofisa akatumwa na saa ya kuhesabia sekunde, akasimama pale siku nzima, jioni akamwambia marehemu, "Bwana Hylkema, hizi sekunde arobaini ni za nini?" Marehemu akamshika mkono, akauweka juu ya reli, akamwambia, "Sikiliza hapa. Komeo la chini ni la zamani, daraja likilala huwa bado linacheza, mpaka litulie ndipo linashika. Nikiwaachia mapema, siku moja atatumbukia mtu, na hatakuwa mimi, maana mimi nimesimama nchi kavu." Ofisa akarudi zake, komeo likaandikwa kwenye orodha ya matengenezo, na liliendelea kuandikwa humo kwa miaka ishirini na mmoja. Mambo haya mnaombwa myashike, kwamba marehemu alikuwa akisubiri kwa ajili ya waliokuwa kwenye magari, kwa sababu mtu mmoja aliyasikia tangu utotoni na baadaye akayasahau, tuseme ukweli, aliyaacha kwa makusudi.

Tarehe 20 Mei 1969 marehemu alifunga ndoa katika kanisa hili na Bi. Aukje, muuzaji wa duka la mikate, mwanamke mwepesi wa kucheka na mwepesi wa miguu, ambaye alikuwa akisema kwamba aliolewa na Gosse kwa sababu ndiye mteja pekee aliyekuwa akila mkate akiwa anaula, si akiwa anasoma, anatembea au anagombana na mtu. Waliishi pamoja miaka arobaini na miwili kasoro kidogo, hadi Bi. Aukje alipofariki tarehe 14 Februari 2011, na nyumbani kwao kulikuwa na desturi moja isiyovunjwa, kahawa ya saa nne asubuhi, vikombe viwili kwa kila mtu, biskuti moja moja kutoka kwenye mkebe, halafu mkebe unafungwa, na mezani hakuna gazeti, hakuna redio, hakuna kitu kingine zaidi ya mikono ya watu. Jirani yao Bi. Sietske, aliyefiwa na mumewe mwaka 1998, alikaribishwa kwenye kahawa hiyo wiki ile ile ya msiba, na tangu hapo hakukosa, kila siku saa nne anaingia kwa mlango wa nyuma, bila kubisha, kama ilivyo kawaida yetu huku, maana mlango wa mbele ni wa daktari, mchungaji na jeneza.

Marehemu na mkewe walijaliwa mtoto mmoja, Nynke, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1972, aliyechukua miguu ya mama yake na hakuchukua kitu cha baba yake, akasoma chuo kikuu Groningen, akaenda kufanya kazi ya matangazo ya biashara Utrecht, akakimbia miaka kumi na miwili bila kukaa chini, na mwezi Machi 2009, akiwa ameshika zipu ya koti lake tayari kwenda kazini, akashindwa kukumbuka zipu inafungwaje, akaketi sakafuni akalia mpaka mchana. Baba yake alikwenda kumchukua kwa treni, akamleta nyumbani, hakumuuliza kitu, akampa kisu na beseni la viazi. Kwa wiki sita walimenya viazi pamoja kila alasiri, wakaketi kwenye benchi la nyuma wakitazama mfereji, wakanywa kahawa ya saa nne na Bi. Aukje na Bi. Sietske, na mtoto akapona. Hilo ni kweli tupu, halina chumvi, na laiti lingeishia hapo.

Halikuishia hapo, kwa sababu Nynke ni mtu wa matangazo, na mtu wa matangazo akipewa maji ya kunywa anaona chupa. Mwaka 2010 alifungua shule yake ya utulivu, akafundisha wakurugenzi, wauguzi na walimu waliochoka jinsi ya kumenya viazi polepole, kunywa kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kusimama sekunde arobaini kabla ya kufungua mlango wa ofisi, na mwaka 2014 akatoa kitabu chenye picha ya daraja la baba yake jaladani. Mle ndani hakuliandika komeo. Aliandika kwamba mlinda daraja mmoja wa kaskazini alisimama kila mara asikilize nafsi yake. Marehemu alikisoma kitabu chote, siku nne, kwa kidole, akakifunga, akasema, "Kumbe nilikuwa na mbinu! Na mimi nikadhani nasubiri daraja," na Bi. Sietske akadakia, "Gosse, umekuwa nabii uzeeni, sasa nani atakutolea takataka?" wakacheka wote wawili, na Nynke naye alicheka, lakini moyoni alichukia, kwa sababu alijua amekamatwa.

Mwezi Juni 2017 alikuja na mpiga picha ili marehemu arekodiwe akinywa kahawa kwa ajili ya mafunzo ya mtandaoni, na kwa kuwa mara ya kwanza jua lilikuwa limefichwa na wingu, mara ya pili mbwa wa jirani alibweka, mara ya tatu baba alitabasamu na hakutakiwa kutabasamu, mzee wa miaka sabini na minne alinywa vikombe saba, huku binti yake akimwambia kutoka nyuma ya kamera, "Baba, polepole zaidi, kunywa kama kawaida yako." Alipomaliza cha saba aliuliza kwa upole, "Kawaida yangu ipi, mwanangu? Ya kwangu au ya kwenye kitabu?" kisha akaomba ruhusa kwenda chooni. Filamu ile imetazamwa na watu wengi, baadhi yenu mmekaa humu, na mnapomwona akikitazama kile kikombe kwa makini sana mjue anakitazama kwa sababu amekichoka.

Nynke alikuwa akija kumsalimu Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, akikaa saa moja na nusu tu, treni ya kuja na treni ya kurudi zikiwa zimeshapangwa, simu ikiwa mezani imegeuzwa kifudifudi, na akiamini kwamba kuigeuza ni heshima. Ilikuwa mwezi Septemba 2019, tarehe aliyoisahau, na kuisahau kwenyewe kunatosha kueleza, marehemu alipomwambia, "Nynke, siku moja njoo mikono mitupu." Mwezi uliofuata alikuja bila ile keki ya kila mara. Baba yake akamtazama, akatazama ile simu, akasema, "Unafanana na wale madereva waliokuwa wakizima injini kunionyesha ustaarabu, kumbe mguu uko kwenye mafuta. Nilikuwa nawajua kwa magoti." Nynke akajibu, "Lakini nipo, Baba." Marehemu akasema, "Haya," akamsogezea biskuti. Kitu alichokitaka mzee huyu kwa mwanawe kwa miaka kumi na minne kilikuwa kikombe kimoja cha kahawa bila haraka, alikiomba mara moja tu kwa mdomo wake, na hakukipata.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwezi Machi 2022, akiwa bustanini anapanda vitunguu, alipokosa pumzi akaketi juu ya ndoo, na Bi. Sietske akamwona kutoka jikoni kwake akaita gari la wagonjwa. Hospitali ya Leeuwarden ikagundua kwamba moyo umechoka kusukuma damu, akapewa dawa, akaruhusiwa, akarudishwa mara nne, na tarehe 21 Agosti 2023 akaelezwa kwamba hakuna tiba iliyobaki ila kumstarehesha, naye akamshukuru daktari kwa kusema taratibu. Kitanda kiliwekwa sebuleni karibu na dirisha la upande wa mfereji, muuguzi wa nyumbani aliyeitwa Marit akaja kila asubuhi saa mbili, Bi. Sietske akaja saa nne na kahawa, akimnywesha kwa kijiko alipokuwa hawezi tena kushika kikombe, na Nynke akaja Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba na sanduku lenye nguo za siku kumi, mto wa kukalia, na ratiba.

Siku ya Alhamisi, tarehe 12 Oktoba, Marit alipomaliza kumwosha na kumbadilishia shuka alimvuta Nynke mlangoni akamwambia, "Leo usitoke, dada, pumzi zake zimebadilika. Kaa naye, mshike mkono, basi." Maneno hayo yalitosha kabisa, lakini Nynke hakuona kwamba yanatosha. Saa nne kasoro dakika tano alichukua karatasi akaandika kwa herufi kubwa, KIMYA TAFADHALI, TUKO KATIKA UTULIVU, akaibandika kwa nje kwenye mlango wa nyuma, mlango ambao tangu nyumba ile ijengwe haujawahi kumzuia mtu mchana, akarudi sebuleni, akaketi juu ya mto wake, mita moja kutoka kitandani, akaitegesha simu ilie kengele baada ya dakika ishirini, akaweka mikono juu ya magoti yake, akafumba macho, akaanza kuhesabu pumzi. Alihesabu pumzi zake mwenyewe, katika chumba alimokuwamo mtu aliyebakiwa na chache.

Msimsaidie kwa kusema kwamba ndivyo alivyozoea. Alikuwa anaogopa. Ule mlio wa koo la baba yake ulimtisha, ngozi iliyokuwa inabadilika rangi puani ilimtisha, na kwa miaka kumi na mitatu alikuwa amewafundisha watu kukitazama kilichopo mbele yao bila kukikimbia, wakamlipa na wakamshukuru kwa barua, na siku ilipofika zamu yake ya kutazama alifumba macho, akauita woga wake utulivu. Kuna wakati alisikia blanketi likisogea. Alisikia, hadanganyi mtu, na akajiambia maneno yale yale anayowaambia wanafunzi, kwamba sauti ikija iache ipite, akaiacha ikapita.

Kengele ililia saa nne na dakika ishirini, na hata hapo hakuharakisha, alitikisa vidole kwanza, halafu mabega, ndipo akafumbua macho, na baba yake alikuwa amekwisha kwenda. Kinywa kilikuwa wazi kidogo, na mkono wake wa kulia ulikuwa umetoka nje ya blanketi, umening'inia ukingoni mwa kitanda, upande wa kiti cha kumkalia mgonjwa, kilichokuwa kitupu.

Nynke aliuinua mkono ule akaurudisha ndani ya blanketi kabla hajampigia mtu yeyote simu. Daktari Veldhuis alipofika aliuliza, kama anavyopaswa, "Amefariki saa ngapi?" akajibiwa, "Saa nne na ishirini," na kwa kuwa ni mwema akauliza tena, "Ulikuwa naye?" na Nynke akasema, "Nilikuwa nimemshika mkono." Daktari akamgusa bega, akasema, "Basi alibahatika mzee, wengi hawapati hilo," akaandika. Uongo ukishaandikwa na daktari unapata miguu, ukafika gazetini siku ya Jumamosi kwa maneno mliyoyasoma, kwamba Gosse Hylkema alilala kwa utulivu mkononi mwa binti yake, ukafika mtandaoni kwa watu elfu kumi na moja wanaomfuata, wakamtumia mioyo na maua, na watatu kati yao, siku hiyo hiyo, wakauliza kama bado kuna nafasi kwenye mafunzo ya Novemba. Aliwajibu kwamba nafasi zipo.

Siku ya Jumapili, saa nne, Bi. Sietske aliingia kwa mlango wa nyuma, akaikuta ile karatasi bado imebandikwa, akaibandua, akaikunja akaiweka mezani, akaketi kwenye kiti chake cha siku zote. Nynke alikuwa anaandika historia hii, na hapo alikuwa ameandika nyingine, nzuri, yenye mkono ulioshikwa. Bi. Sietske akasema, "Mimi nilikuja, Nynke." "Ulikuja lini?" "Alhamisi, na kahawa yake kwenye chupa. Nikaona karatasi." Akalitazama tangazo la gazetini, akaendelea, "Sikurudi nyumbani moja kwa moja, nilipita dirishani, si unajua mapazia yale hayajawahi kufungwa. Gosse alikuwa macho. Alikuwa ametoa mkono, anachezesha vidole hivi, hivi. Na wewe umekaa pale umefumba macho kama sanamu."

Hapo Nynke alisema maneno ambayo anayaonea haya kuliko yote yaliyomo humu. Alisema, "Sasa kwa nini hukuingia?" Yaani alitafuta mtu wa kugawana naye. Na mama huyu wa miaka sabini na tisa hakukasirika, alilia, akasema, "Hilo nimejiuliza siku tatu. Miaka ishirini na mitano nimeingia mlango ule bila kubisha, nikaja kutii karatasi siku ile moja. Nikajisemea, we Sietske, acha kimbelembele, mtoto yuko na baba yake, tena yeye ndiye mtaalamu wa mambo haya." Nynke akamuuliza, "Alikuwa anataka nini?" Bi. Sietske akapangusa macho kwa kiganja, akasema, "Sijui, mwanangu. Pengine maji. Pengine kahawa, ilikuwa saa yake. Pengine wewe. Hatutajua, mimi na wewe, mpaka na sisi tuingie kaburini."

Kwa hiyo lile tangazo linafutwa, na mahali pake lisomeke hivi. Gosse Hylkema, mlinda daraja, alifariki nyumbani kwake Aldesyl siku ya Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2023, kati ya saa nne kamili na saa nne na dakika ishirini asubuhi, saa yenyewe haijulikani, akiwa macho, amenyoosha mkono, na binti yake alikuwa chumbani na hakuushika. Daktari Veldhuis ameombwa radhi jana, na cheti kinarekebishwa.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo wazee wetu watalitilia maanani. Muda si mrefu majirani watalibeba jeneza kulizungusha kanisa mara tatu, kama walivyobebwa wote waliotangulia, na anayetembea wa kwanza nyuma ya jeneza ni mtoto wa marehemu. Nynke aliona hastahili nafasi hiyo, na jana alikwenda kwa Bi. Sietske, kwa mlango wa nyuma, akamwomba aichukue yeye, maana ndiye aliyekaa na marehemu mezani siku zaidi ya elfu tisa. Bi. Sietske alikuwa anamenya viazi, hakuacha, akasema, "Unanipa heshima au unanitwika mzigo wako?" Nynke akasema anampa haki yake. "Haki yangu nilikwisha kuipata, nilikunywa kahawa naye. Wewe ulimkosa kitandani, sasa unataka umkose na njiani? Aa, hapana. Utatembea pale pale pa mtoto, watu wakutazame, na ukiona haya, ona haya hivyo hivyo huku unatembea." Kisha akamsogezea kisu cha pili, wakamenya mpaka beseni likaisha. Nynke atatembea pale. Wageni wa Utrecht wanaombwa wasimkumbatie wakati wa mizunguko ile mitatu, na wasimwambie kwamba baba yake angemwonea fahari, maana watakuwa wanamwonea huruma mtu wasiyemjua vizuri. Mafunzo ya Novemba yalifutwa leo asubuhi, si Alhamisi wala Ijumaa, leo, na hilo nalo mjue.

Familia inatoa shukrani zake kwa madaktari na wauguzi wa hospitali ya Leeuwarden, kwa Daktari Veldhuis aliyekuja kila alipoitwa, kwa Marit aliyemwosha marehemu wiki saba kama anamwosha babu yake na aliyesema neno sahihi asubuhi ile kwa mtu asiyesikia, kwa wafanyakazi wenzake wa madarajani waliokuja leo na kofia zao za kazi, kwa yule dereva wa lori la maziwa, mzee sasa, tunakuona umekaa nyuma kabisa, kwa majirani sita watakaobeba na wale waliooka keki za baada ya maziko, na kwa Bi. Sietske, ambaye familia haina namna ya kumshukuru, inamwomba tu asiache kuingia.

Wabebaji wanaweza kuja sasa, na hakuna haja ya kuharakisha, hakuna treni itakayowahiwa leo. Lala, Baba, upumzike taratibu kama ulivyofanya kila kitu chako. Mwanao anaona haya kulitazama jeneza hili, lakini macho yake yako wazi, na analitazama.